Se-rin Amepata Maksi Zote

Mdogo wangu Ok-bun,

Kimchi, kabichi yangu ya kuchachusha, mwaka huu imezidi chumvi, na goti langu ni lilelile. Shuleni kwa mjukuu wangu Se-rin siku hizi hawapimwi kwa mitihani ya kuchagua majibu tu. Mwalimu aliwaambia wakamhoji mzee wa nyumbani kuhusu maisha yake, waandike habari yake na kuisoma darasani; maksi zitatoka humo. Nikavaa hanbok yangu, ile nguo ya sherehe, nikakaa sebuleni kumngoja aje kunihoji.

Mke wa mwanangu akacheka. "Mama, usijisumbue. Walimu wa tuisheni wameshamwandikia mahojiano yote, maswali na majibu yako, yeye anakariri tu."

Se-rin kapata maksi zote. Darasa zima lililia. Nikamwomba anisomee.

"Mwisho wake hutaupenda, Bibi."

Humo ndani ya hadithi yao, mdogo wangu, nilikufa majira ya baridi yaliyopita, nimemshika Se-rin mkono.

Usinililie nawe. Njoo wewe uniulize chochote, ningali hai na hanbok bado nimeivaa.

Dada yako,
Sun-rye