Kura Niliyompa Mpinzani

Kaka yangu,

Ijumaa iliyopita nilipoteza uenyekiti wa wanafunzi kwa kura moja: 212 kwa 211. Mwaka mzima nimeongoza kamati ya bweni, nikajifunza kusema mbele ya watu, huku najilipia ada kwa cherehani. Kura yangu nilimpa mpinzani, kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba mtu mwenye adabu hajichagui. Ningejipigia, ningeshinda kwa hiyo hiyo moja.

Wenzangu wa chumba wako kwake wanasherehekea. Mimi ni mzima, ila nakula peke yangu, na cherehani haina maneno.

Jana Mama alinipigia simu kwa vigelegele. "Kakako kawa mwenyekiti wa madereva! Kapata kura zote thelathini na moja!"

"Chama kina watu wangapi, Mama?"

"Hao hao thelathini na mmoja, naye akiwemo."

Nikamwambia akupe pongezi zangu, nikakata simu.

Alhamisi saa nne asubuhi tunachagua katibu, nami nimegombea tena. Nijibu kabla ya saa hiyo, bila kunizungusha: nijipigie, au adabu ile ni ya wadogo tu?

Mdogo wako,
asiye na mwingine wa kumuuliza