Kitabu Anachonakili Naliaka

Witeithie,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nisamehe. Miezi mitatu imepita sijakuandikia, na wewe ulishaniambia mambo mazito hutaki kuyaongelea kwa simu ya Wafula, kwa sababu inakatika kabla mtu hajamaliza kukasirika. Kalamu ilikuwepo. Uchovu pia ulikuwepo, lakini sitasingizia uchovu. Nilikuwa naogopa neno moja ambalo lazima nikuambie. Leo niko ofu, Simiyu amelala, nimekalia ndoo hapa mlangoni, na barua hii haitanilalia tena.

Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilikufikia? Mahindi yamebeba, au yale majani mekundu yalirudi? Sisi tuko wazima. Simiyu ameota meno mawili na anayajaribia kwangu kila akinyonya. Kazi ya kushona kule Ruiru bado ninayo. Nimewekwa kwenye kola sasa, na supavaisa anakusimamia nyuma kama anayengoja kuku atage. Nikifika nyumbani miguu imevimba, hata maneno sina.

Sasa nikueleze habari ya Naliaka, na unisomee mpaka mwisho kabla hujatia barua kwenye moto.

Nakumbuka vizuri tulivyoagana. Wewe Kukhu wake ndiwe uliyemlea tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Ulinipa huyu mtoto mwaka mmoja tu, anishikie Simiyu, halafu likizo ya Agosti arudi akuchotee maji. Nilikubali. Sikatai kwamba nilikubali.

Lakini Mama, kuna kitu sikukijua wakati ule.

Huku yuko gredi ya nane. Kiingereza anafundishwa na Mwalimu Nyokabi, msichana mdogo hata kuliko mimi, anavaa raba na kubeba vitabu kwa kiondo. Vitabu vya hadithi ni vichache, kimoja watoto wanne, wanapokezana kwenda navyo nyumbani. Sheria yake ni kwamba kila jioni mtoto amsomee mzazi kwa sauti robo saa, awe na kitabu au asome alichoandika darasani, na mzazi atie sahihi kwenye kadaftari. Sasa mimi jioni ni mtu wa kuanguka. Basi Jumapili moja nikiwa nafua, nikamwambia Naliaka alete hako kadaftari, nikafuta povu mikononi, nikatia sahihi za wiki nzima, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikajiona mjanja.

Jumanne nikaitwa shule. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda na Simiyu mgongoni.

"Karibu, Mama Naliaka," mwalimu akasema. "Leo ni siku gani?"

"Jumanne, mwalimu."

"Na ushamsikia akisoma ya Ijumaa. Alisoma vizuri?"

Mama, nilikosa pa kuweka uso. Nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe, mimi ni mtu wa kiwanda." Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi leo usiondoke kama hujasikia," akanikalisha dawati la nyuma kabisa, magoti yamenifika kidevuni, watoto wakageuka kuniangalia.

Hadithi yenyewe ni ya baba anayeuza ng'ombe wa nyumba bila kumwambia mtu. Mkewe, sura nzima, hasemi neno hata moja. Mwalimu akauliza, huyu mama ni mwoga? Yote ni kwa Kiingereza, mimi nashika hapa naachia pale, lakini hilo nililishika. Darasa karibu lote likasema ndiyo, mwoga. Kijana mmoja mrefu akasema angekuwa yeye angepiga nduru mpaka chifu aje na viatu visivyofanana. Wakacheka.

Ndipo Naliaka akasimama. Huyu huyu ambaye kwako mgeni akimuuliza jina, anakuangalia wewe kwanza. Akasema huyo mama si mwoga. Akasema mwandishi hajampa mdomo, amempa mikono. Akawaomba wenzake wafungue ukurasa. Mama anapepeta maharagwe tangu mwanzo. Mume anaposema ng'ombe ameenda, mikono inasimama. Halafu anaendelea kupepeta, lakini sasa, Naliaka akasema, anatupa mpaka maharagwe mazuri.

Ukisikia ni kurasa tu, kila mtu anatafuta hayo maharagwe. Na yalikuwepo! Walikuwa wameyapita wote.

"Nani ana la kumjibu?" mwalimu akauliza.

Yule mrefu akasema, "Mwalimu, mimi nimekubali. Lakini nduru bado ningepiga."

Nilimfinya Simiyu mguu bila kujua, akalia, nikapata sababu ya kufuta macho.

Kiingereza changu unakijua, Mama. Kile kibao cha adhabu nilichovalishwa shingoni nikarudi nacho nyumbani, kwa sababu nilimwita Rael kwa Kibukusu uwanjani. Na zile sentensi za urembo tulizokariri za kupaka kwenye insha, kama mafuta kwa uso usiooshwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza, "Wewe Everlyne, unaona nini hapo kitabuni?" Mtoto huyu anaulizwa. Na anaona. Simsifu kwa kuwa ni wangu, nimemsikia kwa masikio yangu.

Tangu siku hiyo ninatia sahihi nikishasikia. Nanyonyesha, yeye anasoma, kisha ananieleza kwa Kibukusu pale nilipopotea. Siku nyingine nasinzia, ananigusa bega, anarudia. Jirani yetu Mama Njoki naye anasikiliza kupitia mabati. Juzi akapiga ukuta.

"Haiya! Naliaka, ngoja nigeuze chapati! Usiendelee bila mimi!" Kisha, "Huyo mwanaume alirudisha ng'ombe ama hakurudisha?"

"Bado, Mama Njoki."

"Ngai! Mngeniletea yeye hapa Witeithie siku moja tu."

Sasa nisikilize vizuri. Wiki iliyopita nikitafuta kalamu kwenye mkoba wake nikakuta daftari limejaa mwandiko wake, mdogo kama mchwa, mbele na nyuma, mpaka pembezoni.

"Hii ni nini, Naliaka?"

"Ni kitabu, mama."

"Kitabu gani? Si kitabu unacho?"

"Ni cha shule. Nikienda kwa Kukhu Agosti kitabaki hapa." Hakuniangalia. "Zamu yangu ya kuja nacho ikifika naandika. Nimefika ukurasa wa thelathini na saba."

Hakulia wala hakuniomba chochote. Yeye alishakubali kwenda, Mama, ila alitaka kwenda nacho. Nilipomuuliza kama anataka kubaki akaniambia, "Kukhu mguu unamuuma." Hayo tu. Ndivyo ulivyomlea, na nakushukuru, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu asivutwe kati ya mguu wa Kukhu na kilio cha Simiyu.

Kwa hiyo neno nililokuwa naogopa ni hili. Naliaka simrudishi. Atabaki hapa mpaka amalize gredi ya tisa. Sisemi haya kwa kiburi. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemtoa kwako ili aniwie yaya, nikaita hiyo shule. Hata huku nimembadilishia. Simiyu anashinda kwa Mama Njoki, nepi nafua mwenyewe, na Naliaka kazi yake ya jioni ni kitabu na kuosha vikombe. Utasema shule zipo hata Bungoma. Zipo. Lakini Mwalimu Nyokabi yuko hapa, na mtoto akishapata mtu anayemuuliza anaona nini, usimhamishe.

Maji sijayasahau. Nimeongea na Wafula. Atafunga gata ya maji ya paa upande wa jikoni na kuweka tangi kabla ya mvua, mimi nitatoa pesa ya tangi, yeye mikono yake. Kiangazi atakuletea mitungi kwa baiskeli, na asipoleta niambie mimi, nitamgombeza kama mdogo wangu alivyo. Likizo zote Naliaka atakuja kwako, Agosti hii pia, lakini kwa tikiti ya kwenda na kurudi.

Jambo moja liko mikononi mwako. Shule inaingiza mapema majina ya mtihani wa gredi ya tisa wa mwaka ujao, na hawamuingizi mtoto bila cheti cha kuzaliwa. Hapa alipokelewa kwa barua ya chifu tu. Najua cheti kiko kwenye sanduku lako la bati, na najua ulisema nitakipata siku nitakapomrudisha. Mama, bila hiyo karatasi hata akisoma vipi jina lake halitakuwepo. Sitaki kukuambia zaidi ya hapo. Wewe si mtu wa kumfungia mtoto njia.

Nisalimie Wafula, na mke wake aliyejifungua, mwambie ale vizuri. Nisalimie Rael, rafiki yangu wa kile kibao. Nisalimie mama mchungaji anayekuletea sabuni, na wale wamama wa kwaya.

Ninachohitaji unitumie kwa pasel ya basi ni hiki. Cheti cha kuzaliwa cha Naliaka, chenyewe, si kopi, ukifunge kwenye nailoni kisilowe. Ile kamusi ya Wafula isiyo na ganda, iko juu ya kabati, kama panya hawajaimaliza. Karanga nyekundu, mkebe mmoja wa Kasuku. Sweta yake ya kijani haimtoshi tena, mpe mtoto wa Wafula. Mtu wa kuja kumchukua, usinitumie.

Ni mimi binti yako Everlyne,
mama yake Naliaka.