Tone la Rangi Kwenye Kifuniko

Achieng mjukuu wangu,

Huku Kaloleni hatujambo. Mama yako ndiye anayeandika, mimi nasema tu nikizunguka. Siwezi kuketi tangu uulize kama umwambie bosi kwamba herufi zinakurukaruka machoni.

Mimi pia zilinirukaruka, nilipouza rangi dukani Kondele. Kila mteja alinitia jasho, maana ilibidi nisome jina la rangi kwenye kopo. Siku moja nikamwambia mwenye duka, Mzee Singh, “Kusoma kunanishinda, lakini rangi naziona.”  Akachukua brashi, akatia kila kifuniko cha kopo tone la rangi iliyomo ndani.

Muda si muda, hata waliosoma walikuwa wakitafuta tone kwanza.

Mwambie bosi wako kesho, mjukuu wangu, halafu unipigie. Chai yangu imepoa tena.

Mimi dani, nyanya yako, bado nimesimama.