Presha Imeshuka

Jumanne usiku, Buffalo, Marekani

Sipati usingizi, na si kwa sababu ya baridi tu.

Niliporudi kutoka shule, mabomba ya joto yalikuwa yanagonga ukutani kama mtu aliyefungiwa ndani. Koko, bibi yangu, alikuwa amejifunika mablanketi yote. Nikashuka chini ya nyumba kutazama boila, mtambo unaopasha nyumba joto. Mshale wa presha ulikuwa karibu na sifuri.

Ilibidi nimpigie mwenye nyumba, lakini mimi kuongea na mtu kwenye simu, hapana, naogopa. Nikamwandikia Mama kazini: "Presha imeshuka sana. Kuna sauti mbaya. Njoo."

Sikuandika presha ya nini. Na Koko ni mgonjwa wa presha.

Mama aliingia mbio bila koti, theluji kwenye nywele. Akamshika Koko mashavu, kifua, mikono. "Mama, uko nanisikia? Mama!"

"Niko nakusikia," Koko akasema. "Donc, kwa hiyo nani amekufa?"

Nikaeleza kwamba ni boila. Mama akakaa sakafuni akalia. Sijawahi kumwona hivyo, hata tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Heri angenigombeza.

Halafu akaninyooshea simu. "Bon, haya. Mpigie mwenye nyumba wewe. Mimi sina sauti."

Nikapiga. Maneno yalinikwama, nikaanza upya, lakini mwenye nyumba ameahidi kuleta fundi kesho.

Tumelala sote kitanda kimoja. Mabomba bado yanagonga, ila sasa siyasikilizi. Nasikiliza kama Koko anapumua.