Nilichoma Magunia Matatu, Nikaandika Kumi

Jumatano, Kibondo. Mvua tangu alfajiri, baridi ya kuvaa koti ndani.

Nimemkosea Mama Adela, mkulima wa Kasanda. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea.

Kazi yangu ni kukagua maharage yanayoingia ghalani. Nachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na tundu, punje zinateremka mkononi, naangalia wadudu na unyevu. Mzigo wa magunia hamsini nachoma kumi: ya juu, ya kati, ya chini, na kuchagua nachagua mimi. Mabovu yakifika mawili, mzigo wote unarudi.

Wiki iliyopita Gervas alileta mzigo kutoka Kasulu. Tumesoma darasa moja. Nilipoumia mgongo, yeye ndiye aliyenibeba mpaka hospitali. Nilimkuta ameshayapanga magunia, anacheka.

"Kaka, haya hayakimbii. Choma matatu tukanywe chai."

Nikachoma matatu, usawa wa kifua, karibu na mlango. Nikaandika kumi.

Jana msimamizi wa ghala alishusha lile rundo. Ya chini na ya nyuma yameota ukungu. Gervas anajua tangu niumie, nikiwa na haraka siinami, wala sipandi juu ya magunia. Yale mazuri aliyaweka pale pale mkono wangu unapofika.

Mgongo ule ule ulioumia, akanibeba yeye.

Nilimpigia. "Mimi nimeleta tu, kaka. Mkaguzi ni wewe." Akakata.

Magunia hayakuwa na alama. Msimamizi akaniuliza ni ya nani, nikaogopa Gervas akiitwa atasema nilichoma matatu, nikasema ya Mama Adela. Yake yalikuwa pembeni. Yake nilichoma kumi kweli, na yote yalikuwa safi.

Leo mama wa watu kaja na mzigo mwingine, karudishwa getini. Mavuno yake yote yaliyobaki ya msimu huu, kwenye mvua.

"Baba Neema, si wewe uliyeyachoma yale?"

Nikakodolea macho daftari, najifanya naandika. Gervas kanifanyia vibaya, sawa. Lakini huyu mama nimemfanyia nini?

Kesho asubuhi namwambia msimamizi ukweli, anifukuze akitaka. Na Jumamosi hii, kabla gulio la Kasanda halijajaa, nitakuwa pale na bambo. Nitasema mbele ya wenzake kwamba yale mabovu hayakuwa yake. Kisha nitachoma magunia kumi ya mzigo wake uliorudishwa, wote wakihesabu.

Ya chini nitayapigia magoti.