Mtihani Tuliofeli kwa Makusudi

Mshauri mpendwa, nisaidie, ila huruma usinipe, sikuifuata.

Nimecheza raga ya ligi, ile ya watu kumi na watatu, misimu kumi na saba hapa Yorkshire, safu ya mbele, pua imevunjika mara nne, na sasa ni mwaka wa tatu naifundisha klabu yangu, na Jumamosi ya wiki ijayo tuna fainali, na nahodha wangu Kieran, niliyemnoa tangu ana miaka kumi na sita, Jumapili aligongwa kichwani kwa goti akalala chini, akapelekwa ndani kwa mtihani wa daktari wa kupima ubongo, kukariri maneno na kuhesabu kinyumenyume, akafaulu, akarudi uwanjani. Kwenye basi akaniuliza, "Kocha, tumeshinda?" Nikamwambia tumeshinda. Tulipofika duka la chipsi akaniuliza tena.

Najua alivyofaulu. Kila Januari wachezaji hufanya mtihani huo wakiwa wazima, ili alama zilinganishwe na za siku ya kugongwa. Tangu enzi zetu siku hiyo tunajifanya mbumbumbu, ili hata ukizubaa baada ya kugongwa alama zilingane. Kieran alifundishwa na nani? Na mimi. "Sahau maneno manne kati ya kumi," nilimwambia, na tukacheka.

Nimeamua hachezi. Mwenyekiti wa klabu kaja juu: "Daktari kasema mzima! Wewe umekuwa daktari lini?" Nikamjibu, "Tangu wewe ulipojifanya kocha." Anasema nikimwacha nje Kieran, nisikanyage tena hapo. Kieran naye kaninunia: "Mzee, wewe ulicheza fainali hulijui hata jina la mama yako, leo unanibania mimi?"

Wanifukuze, siogopi. Nauliza hivi: inatosha kusema simpangi, nikaishia hapo? Maana nikisema yote, naumbua kikosi kizima.

Kocha Mkaidi

*

Kocha, majina nimeyabadilisha, lakini maneno nakuachia.

Niliripoti mchezo huu miaka ishirini na moja kabla ya kupewa safu hii ya ushauri gazetini, na nimewaona wanaume wa kimo chako, waliogongwa vichwa miaka mingi kama wewe, wakishindwa kufunga vifungo vya shati. Kumweka nje huyo kijana ni sawa. Usirudi nyuma hata hatua moja.

Ila usijivike ushujaa. Ukinyamaza, utafukuzwa kichwa juu, mwenyekiti ataleta kocha mwingine, naye atatazama karatasi ya daktari, ataona "mzima", na Kieran atacheza. Ukaidi wako utakuwa umemlinda nani? Unaogopa kuwaumbua? Uliwaumbua ile Januari, mkicheka.

Fanya hivi. Leo, kabla ya mazoezi, nenda kwa daktari wa klabu, si kwa mwenyekiti. Mwambie alama za Januari ni za uongo, za kikosi kizima, na mwalimu wa uongo huo ni wewe. Mtake amzuie Kieran kwa maandishi, kocha awe wewe au mwingine. Kisha waambie wachezaji mwenyewe, mmesimama, bila kuomba radhi kwa kumweka nje. Radhi omba kwa lile somo. Watakuchukia. Wakuchukie wakiwa bado wanakumbuka sababu.

Na ukishamaliza na daktari, usiondoke. Kaa kwenye kiti alichokalia Kieran, ufanyiwe mtihani wewe. Safari hii usisahau neno hata moja kwa makusudi.