Chujio la Mama Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Mimi, nesi mstaafu, niliyeaga wodi nikidhani nimemaliza habari za kusimama kutwa. Aliyenipa ni binti yangu mkubwa, Meneja. Tangu apate shahada ya pili ya biashara, jina lake halisi halina mtumiaji hapa nyumbani. Picha yake ya joho iko ukutani, juu ya televisheni. Mgeni asipoitazama mwenyewe, namgeuzia kiti.

Kazi ni kuuza machujio ya maji. Ndoo mbili zilizopandana, ya chini ina koki. Nikasema, kumbe shirika lenu linatoa msaada. Akanisahihisha haraka: hawatoi msaada, wanamkomboa maskini kwa njia ya soko. Nikauliza kwa nini wasimpe tu hilo chujio. Akavuta pumzi. Cha bure, Mama, hakithaminiwi. Mtu akikitolea hela yake, atakitunza.

Haya. Mimi sikusomea.

Tatizo ni kwamba ghala limejaa na machujio hayatoki. Meneja bado yuko kwenye muda wa majaribio kazini, na Mkurugenzi amempa mpaka mwisho wa mwezi amwonyeshe maskini wananunua. La sivyo, kwaheri. Mwanangu anasaga meno usingizini, namsikia kupitia ukuta. Ningekataaje? Nimepewa chujio la maonyesho, fulana, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni: BALOZI. Nimepika nimekivaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuza! Wastaafu wenzangu wa matembezi ya asubuhi, karibu wote wamenunua. Mwalimu Mkuu wa zamani alinunua tulipokuwa tunapanda kilima, nadhani ili ninyamaze apate kupumua. Biashara haigombi. Meneja amenikumbatia, kisha akaniuliza kipato cha wateja wangu. Nikamwambia wana pensheni. Uso ukamshuka. Hao si maskini, Mama.

Kumbe wapo wateja wasiotakiwa! Shahada ya pili hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimevuka mtaro kwenda kwa Mama Pacha, anayetufulia nguo. Wale pacha wake wanaharisha tena. Mwezi huu ni mara ya ngapi, hata mwenyewe hakumbuki. Nikavaa kitambulisho, nikapanga ndoo zangu, nikaanza hotuba yote ya kwenye kitabu cha mabalozi. Alisikiliza kwa heshima, mikono ina povu. Halafu akacheka.

"Nesi, maji yenyewe nanunua kwa ndoo. Nikinunua na chujio, nitachuja nini?"

Kitabu kina ukurasa mzima wa pingamizi za wateja na namna ya kuzijibu. Hili halimo. Nimerudi na ndoo zangu kichwani. Hasira, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 9 Machi

Benki kaja kula. Huyu ndiye mwanangu wa pili, yuko mambo ya fedha kwenye jengo refu la vioo. Tai mpaka Jumapili. Miaka yote hii sijaelewa kazi yake, leo nikamwuliza: mnatengeneza nini hasa humo ndani? Akafikiri. Thamani, akasema. Nikamwomba siku moja aje nayo tuione.

Nikamsimulia habari za Mama Pacha. Akaeleza kwa kirefu kwamba kwa hesabu zao za mikopo, mtu kama yule ana hatari kubwa. Mama Pacha! Mwanamke anayeonewa na paka wake mwenyewe! Meneja alicheka hadi wali ukampalia. Mara ya kwanza kumwona akicheka mwezi huu. Halafu akakumbuka ghala, akasukuma sahani.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya jambo.

Nimempelekea Mama Pacha lile chujio langu la maonyesho. Bure. Nimemwonyesha namna ya kulisafisha, nikamwambia asimwambie mtu. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kama nimeiba, na labda nimeiba kweli. Lakini mtoto akishakauka midomo, mimi siwezi kumwuliza mama yake kipato.

Meneja hajui. Ameuliza ndoo ziko wapi, nikasema ziko kwa mteja. Sikudanganya sana.

Jumanne, 18 Machi

Matumbo ya pacha yametulia! Nimewakuta wanapigana, dalili nzuri kabisa.

Wastaafu je? Wananikwepa. Wamebadili njia ya matembezi bila kuniambia, nimewafumania kule uwanjani. Mmoja akaitazama fulana yangu, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wote wakageukia miti. Nikajialika kwa Mwalimu Mkuu nikaone chujio linaendeleaje. Anawekea miavuli! Jirani yake, naye wa matembezi, amepanda maua kwenye ndoo ya chini, na anasifia sana ile koki, eti mizizi haiozi. Hawa wote wamelipa bei kamili, taslimu.

Nikamweleza Meneja. Hakucheka. Akasema ni changamoto ya mabadiliko ya tabia, akaandika.

Alhamisi, 20 Machi

Balaa!

Shirika lina kijana wa takwimu, anapita nyumba kwa nyumba na tableti. Jana akaingia kwa Mama Pacha. Akakuta chujio limesuguliwa linang'aa, limefunikwa kitambaa cheupe, pacha wanakunywa. Hakuuliza amelipataje. Kwake yeye, chujio lililo kwenye nyumba ya maskini limenunuliwa! Akajaza: mteja wa kipato cha chini, anatumia kila siku. Mkurugenzi amefurahi kupita kiasi. Wafadhili wako mjini, kesho wanaletwa kumwona kwa macho yao.

Meneja kaingia anacheza. Amenibeba juu, mimi na sahani yangu! Mama, nilikwambia, mtu akinunua anakitunza! Mkurugenzi ameshamdokeza kuhusu barua ya kuthibitishwa kazini.

Ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini ile furaha, jamani, tangu joho sijaiona.

Nimempigia Benki. Akasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikamrudia Mama Pacha, nikamwomba kesho aongelee afya ya watoto tu, mengine ayaache. Akaitikia.

Ijumaa, 21 Machi

Nina aibu hata kuandika. Naandika.

Walikuja na magari mawili. Wafadhili wakakaa kitandani, Mkurugenzi akakalia beseni la kufulia lililopinduliwa, soksi zake za rangi zote nje. Meneja alisimama mlangoni na suti yake nzuri. Mimi nilijibana pembeni na kitambulisho changu. Pacha wakanywa maji, wakapigwa picha. Wakaombwa wanywe tena.

Mfadhili mkubwa ni mama mmoja mwenye mvi, mpole. Akamwuliza Mama Pacha kwa upole kabisa: nini kilikufanya uamue kununua?

Mama Pacha alinitazama. Akatazama sakafu. Masikini, uongo haujui.

"Sijanunua mimi. Nimepewa na nesi huyu."

Koki inadondosha matone, tii, tii. Tabasamu la Mkurugenzi lilibaki usoni, alisahau kulitoa. Akasema labda mama ana maana kwamba alikopeshwa.

"Bure," akasema Mama Pacha, na akaninyooshea mkono kama anayenisifia.

Yule mama mwenye mvi akaligeukia chujio, akagusa kitambaa. Akauliza, sasa kama hukutoa hata senti, mbona unalitunza hivi? Mama Pacha alishangaa kweli. Alidhani hakusikia vizuri.

"Si wanangu wanakunywa humo?"

Hakuna aliyeandika. Kalamu zote zilikuwa mikononi.

Meneja akageuka akanitazama. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama siku ile nilipomchoma sindano ya kwanza mwenyewe, nikiwa nimemwahidi haitauma. Kisha akatoka, akayapita magari, akashika njia kwa miguu na viatu vyake virefu.

Nimemharibia mtoto kazi kwa ndoo mbili. Na pacha wazima. Vyote viwili ni kweli, na sijui niweke kipi juu.

Jumamosi, 22 Machi

Usiku hakusaga meno. Nilisikiliza.

Asubuhi chumba kitupu, kitanda kimetandikwa, simu haipokewi. Benki kaja kunifariji. Kakaa chini ya picha ya joho, ananieleza jinsi soko la ajira lilivyo baya. Faraja gani hiyo! Nikampa viazi amenye.

Nimeacha kuandika, gari limepiga honi.

Ni Meneja. Na pikapu ya shirika! Imejaa maboksi ya machujio mpaka juu, yamefungwa kamba vibaya. Amevaa ile fulana yangu ya balozi. Ameniuliza, Mama, kule ng'ambo ya mtaro nyumba zenye watoto wadogo unazijua? Nikamwambia nusu yao nimewapiga chanjo. Akasema vizuri, tunaanza na hao.

Nimeuliza tunauza bei gani. Anabandua vibandiko vya bei kwa kucha, kimoja kimoja, anaimba.

Nimeuliza, mwanangu, umepewa au umechukua? Akasema, Mama, vaa viatu.

Benki kavua tai. Yuko juu ya maboksi tayari, anauliza kama gari lina bima. Simu ya Meneja inaita pale kwenye kiti cha mbele, jina la Mkurugenzi linawaka na kuzima, na hakuna anayeipokea. Meneja anapiga honi tena. Nakuja! Kiatu kimoja nimekipata, cha pili